Nilikuwa Najiandaa Kuua Seva Dada Yangu Alipopiga Simu

Dakika zile dada yangu anakata roho, mimi nilikuwa ofisini Kibaha napigiwa makofi.

Na nilikuwa napigiwa makofi kwa sababu nimeua. Tulieni, nawaeleza.

Naitwa Saburi, kwetu Msimbu, Kisarawe. Kazi yangu watu wengi hawaielewi. Nalipwa niharibu vitu.

Kampuni yetu ndogo ina mfumo wa kuita gari la wagonjwa vijijini. Ukiwa na dharura unabonyeza namba kwenye simu yoyote, hata kiswaswadu cha vitufe, unajibu maswali mawili matatu, na dereva aliye karibu anapata taarifa.

Mfumo huo unaishi kwenye seva sita, yaani kompyuta kubwa zisizozimwa. Tumeugawa vipande vipande, kila kipande ndani ya kontena lake, yaani kasha la programu, na makontena yametawanywa kwenye seva zote. Seva moja ikifa, makontena yake yanatakiwa yahamie kwa wenzake upesi, na mgonjwa wa Kurui asijue kama kuna kitu kimetokea.

Sasa utajuaje kama yatahama kweli? Unaiua seva makusudi, mchana kweupe, wote mkiwa macho. Hiyo ndiyo kazi yangu. Bosi wangu Stellamaris huwa anasema bora tuiue sisi leo kuliko ife yenyewe siku tumelala.

Jumanne moja jaribio lilipangwa saa nne asubuhi. Saa tatu na nusu simu ikaita. Dada Mwanamkuu.

Niwaambie kwanza huyu ni nani kwangu. Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Dada alikuwa na miaka kumi na tisa, ana mchumba, akaahirisha ndoa akanilea. Alilima mihogo. Alichoma mkaa. Aliuza maandazi nje ya shule yetu mpaka wenzangu wakawa wananiita Maandazi, na mimi nikawa namkwepa nisionekane naye.

Leo ukiniita Maandazi nalia mbele yako bila aibu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba Saburi. Hujambo mdogo wangu?"

"Sijambo. Za huko?"

"Nzuri. Ila..."

Hapo ndipo nilipomkata.

Mnajua tunavyosalimiana sisi. Hata nyumba iwe inaungua, ukiulizwa habari unajibu nzuri kwanza, ndiyo adabu. Habari yenyewe inakuja nyuma ya "ila". Nzuri, ila mtoto ana homa. Nzuri, ila tumefiwa. Nimezaliwa kwenye salamu hizo, siwezi kusema sikujua.

"Dada samahani, nina jaribio saa nne na wakubwa wote wapo. Nikimaliza tu nakupigia."



"Haya. Kazi njema. Usisahau kula."

Nikaitia simu kwenye droo, nikafunga.

Seva ya kwanza niliiua saa nne na dakika tano. Makontena yakahama ndani ya nusu dakika. Ya pili nayo hivyo hivyo. Nikaanza kujisikia.

Ya tatu ikazingua.

Hiyo sikuizima, niliibebesha kazi mpaka ikalemewa. Kila baada ya sekunde kumi mfumo unaiuliza, uko hai? Nayo inajibu, niko hai. Kwenye skrini taa yake ni ya kijani, safi kabisa. Lakini maombi ya majaribio tunayoitumia yanaingia na hayatoki.

"Mbona kijani?" Stellamaris akauliza.

"Inasema ni nzima."

"Inasema! Saburi, mtu yuko mahututi ukimsalimia si anakwambia hajambo? Wewe unaiuliza kama iko hai, ikijibu unaridhika unaondoka. Ipe kazi, halafu usubiri uone kama inaifanya."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, mjinga mimi.

Nilihangaika nayo karibu saa mbili. Nikaubadilisha mfumo uwe unaipa kila seva ombi dogo na kulisubiri jibu lake mpaka mwisho. Ile mbovu ikaumbuka, ikatengwa, makontena yake yakahamia kwa wenzake. Saa sita na robo Stellamaris akatangaza kwamba jaribio limefaulu, na makofi yakapigwa.

Nikafungua droo. Simu saba hazikupokelewa, zote za Rukaya, binti wa dada. Tangu baba yake afariki walikuwa wakiishi wawili tu.

"Mjomba," sauti ilikuwa imemkauka, "njoo nyumbani. Mama kazidiwa kidogo."

Kwetu huambiwi msiba kwenye simu. Unaambiwa mgonjwa kazidiwa, njoo. Niliposikia hilo neno "kidogo" nikamwendea bosi.

Stellamaris alinipeleka kwa gari lake, tukapita Mbezi, tukapita Pugu, hakuwasha hata redio. Tulipoikaribia nyumba nikaona turubai limeshafungwa na kandambili za kike zimejaa mlangoni. Hakuna aliyehitaji kuniambia kitu.

Tulimzika kesho yake baada ya Adhuhuri. Nilishuka kaburini kumpokea. Alikuwa mwepesi, aisee. Mtu aliyenibeba mgongoni kilomita ngapi sijui siku nina malaria, nikamlaza kwa mikono yangu, nikamwelekeza kibla. Nilipotoka mle nilikuwa yatima mara ya pili.

Siku ya kuanua tanga, nikasikia shangazi mmoja akimsimulia mwenzake kwamba gari la Mwanamkuu liliitwa karibu na saa sita.

Karibu na saa sita! Saa hiyo mimi nilikuwa nimeilemeza ile seva ya tatu. Je, kama ombi la dada lilinasa humo? Je, kama nimemuua mwenyewe, na makofi nikapigiwa?

Nilichukua kompyuta nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya kinu chake cha kutwangia. Mtandao ulikuwa wa kuungaunga. Nywila nikaikosea mara tatu.

Nikaliona ombi lake kwenye kumbukumbu za mfumo.

Msimbu. Mwanamke. Miaka arobaini na tano. Kifua. Mjamzito: hapana. Saa tano na dakika hamsini na mbili.

Lilipokelewa na seva ya tano, nzima. Dereva alipata taarifa baada ya sekunde nne. Gari lilifika mlangoni baada ya dakika kumi na nane.

Nilisujudu palepale kwenye pumba. Si mimi. Mfumo wangu haukumwangusha. Nilimshukuru Mungu, na nilishukuru mapema.

Maana kuna swali lilikuwa bado limebaki. Nikamwita Rukaya.

"Kifua kilianza kumbana saa ngapi?"

"Alfajiri, mjomba. Alikuwa anasali akashindwa kuinuka."

"Alfajiri? Sasa mbona gari mkaliita saa sita?"

Akawa anavuta uzi wa pindo la khanga yake.

"Alikataa. Huku wanaliita gari la wajawazito. Wale waliokuja kulitangaza waliongea na kina mama wenye mimba tu. Mama akasema, mimi mtu mzima sina mimba, nikilichukua na kuna mzazi analihitaji, nimlaumu nani? Halafu watu watasema anatamba kwa kuwa ni la mdogo wake."

"Rukaya..."

"Nikamwambia basi tumuulize mjomba kama inaruhusiwa. Ndiyo akakupigia."

Nilikaa tena kwenye kile kinu.

"Akaniambia umesema ukimaliza tu unampigia. Tukasubiri. Kila nikitaka kuita mwenyewe ananikataza, anasema Saburi akiahidi anatimiza. Simu alikuwa kaishika mkononi, mjomba, alikuwa haiweki chini. Mpaka alipoanguka ndiyo nikaita bila ruhusa yake."

Kwa hiyo hicho ndicho kilichokuwa nyuma ya "ila".

Nzuri, ila kifua kinanibana. Eti hilo gari lenu, asiye na mimba anaruhusiwa kupanda?

Jibu lake ni neno moja. Anaruhusiwa. Gari ni la kila mtu, tulikusudia hivyo tangu mwanzo. Na swali la kwanza mtu anapoipiga ile namba, "Je, wewe ni mjamzito?", nililiandika mimi, kwa mkono wangu, nikaona ni jambo dogo. Nimeshaliondoa pale mwanzo. Tumerudi vijijini kutangaza upya, na Rukaya alikwenda nasi akasimama mbele ya watu akasema gari hili ni la wote. Mama yake hilo halikumsaidia.

Stellamaris aliniambia nisijilaumu, kwamba kifua ni kifua, pengine hata mapema isingewezekana. Pengine. Mimi najua tu kwamba alikuwa na saa mbili na zaidi, na alizitumia kunisubiri mimi.

Seva nilizipa saa mbili nikizingoja zijibu mpaka mwisho. Dada yangu nilimpa salamu, nikaridhika na "nzuri", nikaondoka.

Wewe unayesoma hapa, una mtu wako huko nyumbani. Ukimpigia, akikujibu nzuri, usikimbilie kuaga. Yule anayekupenda sana ndiye atakayekuwa wa mwisho kukusumbua, na ukimwambia subiri, atasubiri kweli.

Siku hizi nampigia Rukaya kila asubuhi kabla sijagusa seva hata moja.

Leo nimempigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Za huko?"

"Nzuri."

Nikasubiri. Nilisikia jogoo wao akiwika, nikasikia ndoo ikiwekwa chini.

"Ila mjomba, leo nimepika maandazi, nikajikuta nimehesabu na ya mama."

Tukalia wote wawili, na sikuikata simu mpaka alipomaliza.