Mwingereza Aliyeitwa Barazani Mwangaza

Wegesa hakuwa mtu wa kupendwa na kila mtu, wala hakujisumbua kupendwa. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mkavu wa mwili na wa maneno, na alikuwa na tabia ya kumkazia macho mtu anayesema uongo mpaka yule mtu apoteze njia katikati ya hadithi yake. Mwaka wa sabini na nne walipohamishwa kutoka Nyambureti na kumwagwa upande wa Ringwani, kwenye kijiji kilichobatizwa Mwangaza hata kabla kichaka cha kwanza hakijafyekwa, wanawake wengine walilia. Wegesa alishusha vyombo vyake kutoka kwenye lori, akatazama huku na huku, akauliza maji yako wapi. Mwenyekiti Kornelio akamwambia maji yamo kwenye mpango.

Huyo Kornelio alikuwa zamani mpima mizani kwenye ghala la pamba, na wakulima wote wa tarafa walikuwa wanajua mizani yake ilivyokuwa na mapenzi yake yenyewe. Uhuru ulipokuja aliacha mizani akashika hotuba. Aliweza kuhutubia saa mbili bila kunywa maji, jambo lililofaa, kwa kuwa maji yenyewe hayakuwapo. Yalipatikana kwenye chemchemi ya bondeni, mwendo wa saa nzima kwenda, na kurudi ni zaidi kwa sababu ya mlima na mzigo.

Mpango ulitimia mwaka uliofuata, yaani ulitimia kwa namna ya Mwangaza. Likajengwa tangi la saruji, yakafukiwa mabomba, ikaletwa mashine ya kusukuma maji, ambayo ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Lakini mgeni wa kuja kufungua mradi alikwisha kualikwa, na mwaliko ni mwaliko. Basi Kornelio akawaamuru wanawake wote wabebe maji kutoka bondeni kujaza tangi. Walibeba tangu alfajiri, madebe na mitungi, mpaka shingo zikafa ganzi. Mgeni akafika, akafungua bomba, maji yakatoka, akanawa, akanywa, akapiga makofi, akaondoka. Saa kumi na moja jioni bomba likakauka na halikutoa tone tena. Kwenye taarifa ya wilaya, Mwangaza kikawa kijiji chenye maji.

Kusoma Wegesa alijifunzia ukubwani, katika darasa la elimu ya watu wazima. Alikwenda kwa shingo upande, kwa kuwa balozi wa nyumba kumi alitishia kuwaandika majina wote wasiohudhuria. Lakini herufi zilipomkubali, zilimkubali kweli. Haukupita muda akawa anasoma barua za jirani zake, maandishi ya chupa za dawa, na vipande vya magazeti yaliyofungiwa chumvi dukani.

Mwaka wa sabini na sita likaja sanduku la maktaba ya kijiji, vitabu sitini na viwili ndani ya mbao zenye kufuli. Kornelio alilipokea kwa hotuba, kisha akaliacha kwenye kona ya ofisi, na mchwa wakaanza kuvisoma kabla ya binadamu. Katibu wa kijiji, Ponsiano, mtu wa Bukoba aliyeletwa na serikali na ambaye aibu ilikuwa haijamtoka yote, alipendekeza sanduku lihamie kwa Wegesa. Sakafu yake ilikuwa imepigwa vizuri, na alikuwa mtu pekee aliyewahi kuuliza vitabu vimekuja lini.

Alilipenda lile sanduku waziwazi. Ng'ombe wa marehemu walikwenda na shemeji zake, mabinti wake wawili, Bhoke na mdogo wake, walikuwa wameolewa Tarime, shamba lilikuwa la wote, maana yake la Kornelio. Ufunguo wa sanduku aliufunga kwenye pindo la kanga, na kila jioni alivitoa vitabu kimoja kimoja akavifuta vumbi. Hakuwahi kabla kuwa na kitu ambacho watu walilazimika kuja kwake kukiomba.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya kufuga kuku, vya kilimo bora cha pamba, na vitano kati yake vilieleza faida za choo. Lakini kimoja kilikuwa riwaya, ya Mwingereza mmoja, iliyotafsiriwa na watu wa Dar es Salaam. Ilisimulia mji wa Ulaya ulio kando ya mto, ambako wakubwa walifungua daraja kila mwaka kwa utepe na tarumbeta, na daraja halikuwapo. Zilikuwapo nguzo mbili tu. Watu walivuka kwa mtumbwi, na wakifika ng'ambo walitakiwa kutia sahihi kwamba wamevuka kwa daraja. Mama mmoja mfuaji nguo akafiwa na mtoto mtoni, akaandikiwa kwamba mtoto ameteleza kwenye ngazi za nyumbani, kwa sababu mji wenye daraja hauzamishi watu.

Wegesa alikisoma mara mbili peke yake, kisha akatangaza kwamba Jumatano na Jumamosi alasiri atasomea watu. Wanawake wakaja na mahindi yao ya kupukuchua, wakaketi kwenye ngozi uani kwake. Waliposikia habari ya utepe na tarumbeta, mikono ikasimama kwenye mahindi. Kisha Mokami, jirani yake na mtu wa karibu kuliko wote, akaanza kucheka mpaka akalazimika kushika mbavu, na wenzake wakamfuata. Tangu siku hiyo uani hapakutosha. Wegesa alisoma kwa sauti nzito, tulivu, na kila alipofika kwa mwalimu wa mji ule, aliyetia sahihi kwa kuogopa kufukuzwa katika nyumba yake, alisita akasonya, na wote wakasonya pamoja naye.

Jumamosi moja akapita mzee Hezekia, akaamkiwa shikamoo na ua mzima, akaomba kukiona hicho kitabu kinachowachekesha wake za watu. Alikigeuza. Nyuma kulikuwa na picha ya mwandishi, mzungu mwembamba mwenye shingo ndefu na kofia.

"Huyu namjua," alisema Hezekia. "Ni yule bwana wa mbung'o."

Wazee wote walimkumbuka bwana wa mbung'o. Enzi za mkoloni alikuja mzungu na vitambaa vyeusi, akawa anavitembeza porini kunasa mbung'o na kuwahesabu, akalala siku mbili kwa baba yake Hezekia. Walimnyima maziwa kwa sababu ng'ombe walikuwa mbali malishoni. Sasa ikaeleweka. Mtu aliondoka na kinyongo, akakaa kwao, akawaandika.

Ponsiano, aliyekuwa anapita na faili lake, alijaribu kusema kwamba kitabu kiliandikwa Ulaya, kinahusu Ulaya, na mwandishi wake amekwisha kufa na hakuwahi kukanyaga Afrika.

"Mura, kijana wewe, ulikuwa wapi alipokuja?" aliuliza Hezekia. "Mimi ndiye niliyemchotea maji ya kuoga."

Ponsiano alishika njia na faili lake, kwa kuwa wakati huo alikuwa hajazaliwa, na huko Mwangaza mtu asiyekuwapo hana ushahidi.

Habari zilimfikia Kornelio kabla jua halijazama. Hakukisoma kitabu, hakuwahi kusoma kitu kirefu kuliko ratiba ya mgeni. Lakini aliitisha kamati, akaeleza kwa uchungu kwamba mtu aliyekula ugali wa kijiji hiki amekwenda kututangaza kwa mataifa kuwa hatuna maji. Yeyote mwenye akili angeuliza kwa nini Kornelio, alipoambiwa habari ya daraja la Ulaya, aliwaza bomba lake moja kwa moja. Kamati haikuuliza. Iliamua kwamba Mwingereza aitwe barazani kujibu, kama mshtakiwa mwingine yeyote, na apewe siku saba.

Ponsiano aliiandika barua hiyo kwa mkono wake mzuri. Nakala moja ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Ya pili ikazua mjadala, kwa kuwa hakuna aliyejua anwani ya mshtakiwa, mpaka mjumbe mmoja akasema makazi yake yanajulikana: anakaa ndani ya sanduku la Wegesa. Basi mgambo akaipeleka, akasimamia mpaka Wegesa alipoiweka katikati ya kurasa za kitabu. Aliiweka kwa heshima zote, akamuuliza mgambo kama atasubiri majibu.

Siku ya saba kamati ikakaa. Mgambo akatoka mlangoni akamwita Mwingereza mara tatu, kwa sauti ya kusikika hadi mashambani. Mwingereza hakufika. Wegesa, aliyekaa nyuma, alicheka kwa sauti, na kicheko chake kikaingizwa kwenye mashtaka.

Ndipo alipojua kwamba mambo hayakuwa ya kuchekesha. Kwao, mgeni akivunja kitu akatoroka, mwenye nyumba aliyemlaza ndiye anayesimama mahali pake. Hakuna aliyewahi kubishana na hilo. Hata marehemu mumewe aliwahi kutoa mbuzi wawili kwa ajili ya mfanyabiashara wa Sirari aliyelala kwao usiku mmoja tu.

"Umemlaza wewe," alisema Kornelio. "Umemlisha, umemfuta vumbi, umemwitia watu wamsikilize. Utamjibia wewe."

"Ndugu Mwenyekiti, nijibu nini? Ameandika daraja."

"Tunajua alichoandika."

Hukumu ilikuwa hivi. Sanduku lirudi ofisini, kwenye kona yake ya mchwa, na Wegesa asiliguse tena. Kisha Kornelio akalegeza uso, kama alivyokuwa akilegeza zamani akishaiba kilo zake. Alisema kamati ina huruma. Baada ya wiki mbili anakuja mgeni wa mkoa kutazama kijiji cha mfano. Ingependeza sana taarifa ya maji isomwe na mwanamke wa kijiji, mhitimu wa elimu ya watu wazima. Wegesa akiisoma vizuri, sanduku litabaki kwake, pamoja na huyo Mwingereza wake.

Siku tatu hakulala sawasawa. Aliogopa, na aliona aibu kwamba anaogopa, yeye aliyewasonya waoga wa vitabuni mbele ya watu. Alilifungua sanduku, akashika vitabu, hata vile vya choo, akaona jinsi vitakavyokuwa baada ya masika moja ofisini. Kisha akaanza kujipikia sababu. Alijiambia kwamba kusoma uongo wa mtu mwingine kwa sauti si kusema uongo. Alijiambia kwamba mgeni anajua, Kornelio anajua, kila mtu anajua, basi nani anadanganywa? Aliwadharau wote kiasi kwamba aliona hata kuwasomea ni namna nyingine ya kuwadharau. Siku ya nne akamwambia Ponsiano alete hiyo karatasi.

Siku ya mgeni wanawake walipanda mlima tangu alfajiri na madebe, kama mara ya kwanza. Mokami alikwenda safari mbili. Wegesa alisamehewa kubeba, ili kanga yake isiharibike.

Saa tano mgeni akaketi chini ya turubai. Wanawake walikuwa wamepangwa mstari wa mbele, na wengi walikuwa bado wanachuruzika maji kutoka mabegani hadi kifundoni. Mgeni akauliza mbona akina mama wameloa hivi.

"Wanafurahia bomba," alisema Kornelio.

Kisha Wegesa akasimama, akasoma. Alisoma kwamba kijiji cha Mwangaza, chenye kaya mia mbili na kumi, kinapata maji safi ya bomba wakati wote. Kwamba wanawake wametuliwa mzigo wa debe kichwani. Kwamba muda waliokuwa wakiupoteza bondeni sasa wanautumia kwa uzalishaji mali. Hakukosea neno. Alijitahidi aisome kama mtu asomaye upuuzi, lakini sauti yake haikujua kusoma hivyo. Ilitoka ileile, nzito, tulivu, ya alasiri za uani, na kila neno lilionekana la kweli. Mgeni alisema hajapata kusikia mwanakijiji akisoma vizuri namna ile. Alipoinua macho kutoka kwenye karatasi, Wegesa aliona uso wa Mokami, akayarudisha macho kwenye karatasi ingawa alikuwa amemaliza.

Kornelio, nimpe haki yake, alitimiza ahadi. Sanduku lilibaki.

Jumatano Wegesa alifagia ua, akatandika ngozi, akafungua kitabu pale walipoishia, mfuaji nguo akiwa njiani kwenda kwa meya na kalamu mkononi. Alikaa mpaka kuku wakaanza kuingia ndani. Jumamosi alifagia tena. Alipoona jua linainama na hakuna aliyekuja, alikitia kitabu kwapani akaenda kwa Mokami. Walikuwapo wote, wameketi uani na mahindi yao, na walipomwona hawakunyamaza wala hawakumkunjia uso. Walimsogezea kigoda.

"Zimebaki kurasa chache," alisema Wegesa. "Tungemaliza leo."

"Hatuna ugomvi na wewe, mama Bhoke," alisema Mokami. "Sanduku ni lako, nani asingelitaka."

"Basi twendeni. Au nisome hapahapa."

Mokami alishika gunzi, akaligeuza, akatafuta punje zilizobaki. Alipozungumza alizungumza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Zamani ukisoma, tulikuwa tunajua kwamba ndivyo ilivyokuwa. Sasa tumekusikia ukisoma na ile karatasi ya mgeni, na sauti ni hiyohiyo. Hata lile daraja, mama Bhoke, sasa hatujui kama kweli halikuwapo."

Wenzake waliitikia kwa vichwa, bila ubaya wowote. Kisha Mokami akainama akaendelea kupukuchua.