Sikio la Kulia

Ng'ombe wangu wa kwanza alikuwa wa mabati, na nilimtengeneza kwa hasira.

Ndoa ilikuwa imenishinda, nikarudi kwa baba, mtaa wa Nyasho. Baba alikuwa na ng'ombe wa kweli kule kijijini Mugeta, na mwaka huo aliwagawa. Kaka zangu wote watatu walipata. Mimi niliambiwa nipikie wageni chai. Nikapika, huku nimefura.

Vifaa havikunisumbua. Miaka ya shida hatukutupa kitu: sufuria ikitoboka tuliiziba, ikitoboka tena tukaiziba tena, na hata sabuni tuliipangia foleni. Kisha maduka yakajaa. Plastiki za rangi zikaingia kila nyumba, na Nyasho nzima ikatupa nje vyombo vilivyotuvusha kwenye dhiki. Iliniuma. Nikaviokota mtaa kwa mtaa hadi Kamunyonge, watu wakicheka kwamba nimerukwa na akili. Waache wacheke.

Usukani wa baiskeli ukawa pembe, madebe mawili kiwiliwili, mnyororo mkia, na sufuria niliyoifunika kifudifudi ikawa nundu. Masikio niliyakata kwenye debe la mafuta ya kula. Sikio la kulia nikalitia mapengo mawili, alama ya ng'ombe wa ukoo wetu, kisha nikamsimamisha mbele ya nyumba ili kila aendaye kanisani amwone.

Baba akatoka na fimbo yake.

“Toa hii takataka kabla ya Jumapili.”

“Sitoi.”

Akasogea, akaliona sikio. Uso ukambadilika.

“Hii alama nani kakupa?”

“Nimezaliwa nayo, baba.”

“Ni ya watoto wa kiume. Mwanamke anakataga sikio la ng'ombe gani?”

“Huyu.”

Akanyoosha mkono nimpe mkasi wa kukatia bati. Nilijua anataka kulikata lote. Nikampa.

“Likate. Nitaweka lingine. Madebe yamejaa mtaani.”

Alilishika lile sikio, akayapapasa mapengo kwa kidole gumba, moja, halafu la pili, vile anavyofanyaga zizini.

“Umekosea, mama,” akasema. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. “Sisi tunakataga la kushoto. La kulia ni ng'ombe wa watu. Watasema umeiba.”

Ningejuaje? Siku ya kukata masikio, sisi wasichana hatukuruhusiwa kusogelea zizi.

Akazunguka upande wa pili. Akakata mapengo mawili kwenye sikio la kushoto, polepole, ulimi ameung'ata kwa meno, kisha akanirudishia mkasi.

“Sasa badilisha hilo la kulia.”

Sikubadilisha. Nimetengeneza ng'ombe wengi tangu siku hiyo, na wote nawakata masikio yote mawili: la kushoto ni la baba, la kulia ni langu.