Kurasa za Nyuma za Daftari la Vipimo

Kila asubuhi, kabla hajafunua cherehani, Kipimo alikuwa na kazi moja ambayo hakumwambia mtu. Alichukua daftari lake la vipimo, akaligeuza juu chini, akaandika kuanzia nyuma. Kurasa za mbele zilijaa viuno na mabega ya wateja. Za nyuma zote zilikuwa za mumewe.

Alisimama mlangoni mwa chumba akamtazama angali amelala. Midomo kwanza, kisha kope, kisha shingo chini ya sikio, pale vipele vilipopenda kuanzia. Akaandika kwa kipande cha penseli kilichobaki urefu wa kidole gumba: *Jumanne. Jana mayai. Midomo kuvimba kidogo. Dakika ishirini.*

Jina la Kipimo alipewa na majirani, maana hata ukimwomba chumvi angekuuliza vijiko vingapi. Alikuwa na mkono mwepesi na maneno machache. Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa kicheko kikubwa, wa kulala chini ya sinki la watu akipiga hadithi mpaka maji yatoke. Walikuwa na miaka sita ya ndoa, mtoto hawajapata, na hawakuwahi kulaumiana kwa hilo.

Kisha mama mkwe akahamia kwao. Alikuja na godoro, sanduku la nguo, na kinu kidogo cha mti alichorithi kwa mama yake. Haukupita mwezi, fundi bomba akaanza kuumwa. Alikula vizuri, akajifuta mdomo, na kabla hajainuka akaanza kujikuna. Siku nyingine midomo ilijaa kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Siku nyingine alitapika mpaka akabaki ameshika ukuta.

Daktari wa zahanati, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimsikiliza Kipimo mpaka mwisho.

"Mwili wake unakataa chakula fulani," alisema. "Kipi, sijui, na hapa sina mashine ya kuniambia. Andika kila anachokula, saa aliyokula, na kilichomtokea. Toa kitu kimoja, kaa wiki mbili, tazama. Lakini sikiliza, binti. Siku akibanwa pumzi, mambo ya kujaribu nyumbani yamekwisha. Mlete mbio, hata bila viatu."

Kipimo akashika kazi hiyo kama alivyoshika mkasi. Alitoa mayai, hali ile ile. Akatoa maziwa, akatoa samaki. Akatoa karanga na ufuta kwa pamoja, maana muda ulikuwa unamtupa mkono. Kila lilipofeli jambo aliandika chini yake: *Bado. Si hiki. Nijaribu kingine.*

"Ufuta hata mimi sitautia kwenye sufuria yenu," mama mkwe alimhakikishia. "Huu wangu ni wa kulamba mchana, meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu." Alisema kweli. Aliutwanga peke yake na sukari kidogo, akaula kwa kijiko dirishani, wala hakumpa mtu.

Jambo lililomtia Kipimo baridi mgongoni ni kwamba wote walikula sufuria moja, na anayeumwa ni mmoja.

Wa kwanza kulisema alikuwa wifi yake, dada wa mume, msusi wa nywele mwenye ulimi wa wembe. Alilisema kwa utani.

"Wifi, mbona unamkodolea macho kaka yangu akila? Unasubiri aanguke?"

"Namtazama kama atavimba."

"Haya mama, tazama. Wenzio huwatazama waume zao kwa mapenzi, wewe kama unasubiri mkate uive."

Walicheka wote. Lakini jioni ile Kipimo aliona mama mkwe akibadilisha sahani, ya mwanawe akaivuta kwake, ya kwake akampa mwanawe. Alifanya polepole, huku akizungumzia bei ya mkaa. Tangu siku hiyo nyumba ikawa na masikio. Akifunua sufuria, mtu alikohoa nyuma yake. Akienda kuchota maji, akirudi alikuta kifuniko kimesogezwa.

Ijumaa mchana, fundi bomba alikula wali na maharage. Maharage yale Kipimo aliyachagua punje kwa punje. Mama mkwe, kama kawaida yake, alichovya vidole kwenye kikopo cha pilipili aliyoitwanga asubuhi, akamnyunyizia mwanawe. "Chakula bila pilipili ni cha wagonjwa," alisema.

Fundi bomba hakufika nusu ya sahani. Aliweka kijiko chini taratibu, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Akashika koo. Sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba, kama bomba linalovuta hewa tupu.

Kipimo hakuvaa viatu. Jirani mwenye pikipiki aliwabeba, yeye nyuma amemshikilia mumewe asianguke. Zahanati wakamdunga sindano pajani, wakamwekea hewa, na baada ya muda usio na mwisho kifua kikafunguka.

Daktari alivua miwani. "Leo mmefika. Siku nyingine mnaweza msifike."

Akalazwa, atazamwe mpaka kesho. Kipimo aliporudi nyumbani kuchukua shuka, alikuta wifi yake amekaa kwenye kiti cha cherehani. Alikuwa akitafuta kitambaa cha kumfunika mama yake aliyekuwa akitetemeka. Alichopata ni daftari.

"Kaa hapa utusomee, wifi. Au nikusomee mimi?" Akasoma, neno moja moja. "Jumatano. Samaki. Hakuna kitu. Jumapili. Maziwa. Alitapika, saa moja. Bado. Si hiki. Nijaribu kingine." Akainua macho. "Kingine gani, wifi? Kingine gani unachojaribu kwa kaka yangu?"

"Daktari ndiye aliniambia niandike. Nendeni mkamuulize."

"Alikwambia uandike kinyumenyume, nyuma ya daftari, bila kumwambia mwenye mwili wake?"

Kipimo alikuwa amemficha mumewe jambo hilo ili asile kwa hofu. Alipolisikia kichwani mwake mwenyewe, lilisikika kama uongo.

Mama mkwe hakupiga kelele. Hilo ndilo lililotisha. "Kuanzia leo," alisema, "mwanangu anakula mkononi mwangu."

Siku ya pili fundi bomba akarudi. Walikuwa wamemwonyesha daftari kabla hajavua koti. Kipimo alimsubiri acheke kile kicheko chake na kusema, huyu ndiye mke wangu, hata chafya zangu anazihesabu. Hakucheka. Alifunua kurasa, akafunika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia usingekula kabisa."

"Daktari aliniambia kabla sijatoka kwamba alikuagiza."

"Basi?"

"Basi," alisema, akaanza kuvua koti.

Sasa mama mkwe ndiye aliyepika, na Kipimo akakatazwa hata kukoroga. Alishona mgongo ukiwa ukutani na uso ukielekea jikoni, macho kwenye sindano, masikio kwenye sufuria. Siku mbili mgonjwa alikunywa uji mtupu, hakuvimba popote. "Mnaona?" wifi alisema, na Kipimo alijua majirani nao wameshaona.

Siku ya tatu mama mkwe akasema leo mwanangu atakula chakula cha mtu mzima.

Kipimo alikuwa akipinda upindo wa sketi. Alimwona mama mkwe akimaliza ufuta wake dirishani. Alimwona akichukua kitambaa kikavu, akakizungusha ndani ya kinu mara tatu, akaking'uta. Maji hayakugusa mti ule hata siku moja. "Kinu cha mama hakioshwi," alikuwa akisema siku zote, "kitapasuka." Kisha akatia pilipili na chumvi kwenye kinu kile kile, akainua mchi.

Mguu wa Kipimo ulisimama kwenye kanyagio.

Pilipili. Miezi yote ile hakuiandika hata mara moja. Kila mtu aliila, na haikupikwa sufuriani. Ilitoka vidoleni mwa mama na kuingia sahanini mwa mwana. Wiki zote alizodhani ametoa ufuta, ufuta ulikuwa ukimfuata mumewe mezani.

"Mama, usimpe hiyo!"

Vidole vilikuwa vimeshanyunyiza. Fundi bomba alikuwa na kijiko karibu na mdomo. Kipimo aliruka mpira wa uzi, akaipiga sahani kwa mkono, wali ukatapakaa sakafuni.

"Mmeona!" wifi akapiga ukunga. "Akiona hajatia yeye, anamwaga!"

Kipimo alikivuta kinu, akaingiza ncha ya mkasi kwenye ufa wa ndani, akakwangua. Ukatoka utando mzito, wa manjano, umeshikana na mafuta. Akauweka kwenye kipande cha kitambaa cheupe na kukiinua mbele ya pua ya mumewe.

Alinusa. Akamtazama mama yake.

"Ufuta," alisema.

Mama mkwe aliketi chini, palepale kwenye wali. Alikitazama kinu kama mtu aliyegundua kwamba amelala na nyoka miaka yote. "Ni cha mama," alisema kwa sauti ya mtoto. "Ni cha mama yangu." Wifi naye alikusanya sahani.

Kinu kilitoka ndani ya nyumba siku hiyo, na ufuta pia. Daktari alisikiliza, akatikisa kichwa, akaandika ufuta kwa wino mwekundu kwenye kadi ya mgonjwa, akasema wasiuguse tena hata kwa kujaribu. Kipimo akarudishiwa sufuria. Akaandika tena, safari hii mezani mbele ya watu: *Hakuna kitu. Hakuna kitu. Hakuna kitu.* Siku kumi na nne. Kicheko cha fundi bomba kikaanza kurudi vipande vipande, kwa majirani kwanza.

Siku ya kumi na tano alimwekea sahani. Wali, mchicha, chumvi. Akasubiri ashike kijiko.

Fundi bomba, akiendelea kusimulia habari za bomba fulani lililopasuka, aliisogeza sahani kwa kidole kuelekea kwa mkewe. Hakumtazama.

"Onja kwanza," alisema, na kuendelea na hadithi.

Kipimo alionja, akameza. Akarudisha sahani, akakaa mpaka mumewe alipomaliza, akaosha vyombo na kuvipanga.

Kesho yake na keshokutwa alishona bila kuinua kichwa. Nguo za watu zilizobaki alizimaliza zote, akazipiga pasi, akazibandika karatasi zenye majina. Asubuhi ya tatu hakusimama mlangoni mwa chumba. Alichana kurasa za mbele za daftari, zile za viuno na mabega, akazikunja mfukoni. Zilizobaki akaziacha mezani, na kipande cha penseli juu yake. Alifungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, akakifunga ndani ya kanga, akakiinua begani.

"Wapi asubuhi hii?" mama mkwe aliuliza toka jikoni.

"Napeleka mashine, Mama."

Wateja walikuja mchana, mmoja mmoja, wakachukua nguo zao. Zote ziliwakaa sawasawa. Jioni fundi bomba alikaa mbele ya sahani iliyofunikwa, akasubiri aje wa kuionja, mpaka wali ukapoa.