Mke Aliyemsainia Mume Wangu Mochwari

Nilifika mochwari na sanda mkononi. Mhudumu akaniangalia, akasema, "Huyo ameshaondoka, mama. Mke wake amesaini."

Mke wake ni mimi.

Naitwa Chiku, nauza vitenge hapa Singida mjini. Mume wangu alizaliwa Sepuka, akabatizwa Yeremia. Tulipotaka kuoana akasilimu kwa hiari yake, akaitwa Abdulhamidi. Ndugu zake hilo liliwakaa kooni, hasa kaka yake mkubwa, Calist.

Figo zilimtesa muda mrefu. Mimi nashinda dukani, mdogo wangu Rukaya anashinda naye hospitali. Anampelekea uji, anamfulia, anaongea na madaktari. Kila swala nilimwombea dua huyo mdogo wangu.

Mume wangu alifariki alfajiri. Kulipokucha Calist akaja, akasema marehemu lazima alale Sepuka, alipolala baba yao. Nikamwambia huyu ni Muislamu, anazikwa mjini baada ya Alasiri.

"Wewe uliolewa naye tu, shemeji," akasema taratibu. "Hukumzaa. Damu inarudi kwenye damu."

Mjomba wangu, mzee Mansuri, akamweleza kwamba mtu anazikwa kwa dini aliyofia. Calist akaondoka.

Nikajua yameisha. Nikamwacha Rukaya pale hospitali, nikaenda kutafuta sanda.

Ndiyo kurudi nakutana na hayo.

Nikauliza, mke gani? Mhudumu akasema ni mwanamke aliyejitanda vizuri, alikuja na ndugu wa marehemu, manesi wakamtambua kuwa ndiye mkewe.

Nilichoka, jamani.

Nikampigia Rukaya, hapatikani. Nikasema maskini, chaji imemwishia.

Mjomba akaazima gari, tukashika njia ya Sepuka. Yeye anasoma dua, mimi namlaani marehemu. Kumbe alikuwa na mwanamke mpaka manesi wanamjua! Nikiwa kaunta nakata vitenge, mwenzangu anapokelewa wodini kama mke. Mashamba ya alizeti yalipita dirishani, sikuyaona. Nikaapa sitamlilia.

Tulikuta kaburi, walilochimba tangu asubuhi, limeshafukiwa. Msalaba juu, umeandikwa Yeremia.

Nikamfuata mama mkwe mkekani. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza yuko wapi huyo mke mwenzangu. Mama aliinua uso, macho yamevimba. Halafu akasema polepole:

"Mwanangu hakuwa na mwanamke mwingine. Unayemtafuta yuko jikoni."

Nikazunguka nyuma ya nyumba.

Rukaya alikuwa anasonga ugali wa waombolezaji. Amevaa kitenge sawa na cha wake wa ukoo ule. Aliponiona, mwiko ukamponyoka.

Sikumpiga. Nilimuuliza tu, kwa nini.

Akaniambia kwamba yeye na Calist walikuwa pamoja tangu siku za wodini. Calist alifiwa na mke mwaka juzi. Akamwahidi kwamba akisaini kama mke, kwa kuwa manesi walishamdhania hivyo, marehemu arudi nyumbani, wazee watampokea, na ndoa itafuata.

"Wewe ulishaolewa ukaishi, dada," akasema. "Na mimi nilitaka kwangu."

Ziwa tulinyonya moja na huyu. Na mume niliyemlaani njia nzima hakuwa na kosa lolote. Nikarudi kaburini, nikalia mpaka mjomba akaniinua.

Mjomba alitaka twende mahakamani wamfukue. Nikakataa. Aliteseka vya kutosha akiwa hai, sikutaka waanze kumvuta huku na huku akiwa amelala. Ijumaa yake msikiti wetu ukamsalia swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo. Mjomba akanipigia kuniambia watu walijaa mpaka nje.

Rukaya alikaa kule Sepuka akingoja ndoa.

Mwezi uliopita alinipigia, analia. Wazee walipomuuliza Calist anamwoa lini, aliwajibu hivi: "Mwanamke aliyeweza kumuuza dada yake, mimi atanibakiza?"

Anataka kurudi kwangu. Sijamjibu mpaka leo.

Wewe unayesoma, kama umebadili dini au umeoa mbali na kwenu, waite wa pande zote mbili ukiwa mzima, useme utalala wapi, kila mtu akisikia. Usimwachie mjane ugomvi huo.

Na ukisikia baya la marehemu, usikimbilie kumlaani. Yeye hawezi kujitetea. Anza kwanza na walio hai, hasa wale unaowaombea dua.