Mabomba Yaliyosuguliwa Kama Sufuria

Kabla hajaona chochote, Pedeli alinusa majivu yaliyolowa. Ndiyo kwanza alikuwa anaingia uani kutoka kazini, unga wa kiwanda cha mikate bado umemshika kwenye nyusi, na pale karibu na karo la kuoshea vyombo akaiona baiskeli yake imeegemezwa ukutani, inameremeta. Kando yake, kwenye kigoda, mama mkwe wake alikuwa anakamua kitambaa. Mkono wa pili ulishika stilwuli, ule uzi wa chuma wa kusugulia sufuria zilizoungua.

"Umefika, mwanangu," mama mkwe alisema, na uso wote ukacheka. "Njoo uone. Ilikuwa chafu hiyo, ungetoka nayo Jumamosi mbele za watu ningeona aibu mimi. Nimekusugulia mpaka yale mabomba ya mbele. Yalikuwa na utando mweusi, nikasema hapana, haiwezekani, mkwe wangu asiende na masizi."

Pedeli aliinama. Baiskeli ya milimani ina miguu miwili mbele, na kila mguu una bomba jembamba linalozama na kuibuka ndani ya bomba nene kila gurudumu linaporuka jiwe. Hiyo ndiyo shokomzoba. Bomba lile jembamba linatakiwa liwe laini kama kioo, maana shingoni mwa lile nene kuna mpira unaolibana, oili isitoke na mchanga usiingie. Ukilikwaruza, umemwachia mwizi mlango wazi.

Akapitisha ukucha kwenye bomba la kushoto. Ukucha ukaparuza. Akapitisha kwenye la kulia, ukucha ukakwama kabisa. Palikuwa na mfereji, mwembamba lakini wa kina, umeteremka wima toka juu hadi kwenye mpira. Punje ya mchanga ilikuwa imejificha kwenye majivu, na mkono wa mama mkwe haukuwa mkono wa kubembeleza.

"Asante, mama," Pedeli alisema.

Akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu, akauma mto.

Tangu aolewe, hivyo ndivyo alivyokuwa akiishi katika nyumba ile. Asante, mama. Ndiyo, mama. Alilelewa kwamba mkwe hajibiwi, na mtu akishajifunza kumeza, koo huzoea. Lakini hata koo la mbuni lina mwisho wake. Wenzake huingia kwa waume zao na kabati na kitanda. Yeye alishushwa kwenye gari la mizigo na sufuria zake chache, akiwa ameikumbatia baiskeli, na mtaa mzima ukacheka ukampa jina kabla haujamjua jina. Akalichukua hilo jina la Pedeli. Aliona ni afadhali kuitwa kwa unachokipenda.

Alikuwa anakwenda nayo kazini alfajiri, ingawa wiki hiyo aliiacha nyumbani ipumzike, na siku za mapumziko anapanda nayo vilima vya nyuma ya mji mpaka mapaja yanawaka. Mwaka uliopita aliingia mashindano ya wanawake ya kupanda mlima, mnyororo ukakatika karibu na kileleni, akarudi anasukuma huku watu wanampa pole za kejeli. Mwaka huu aliapa. Na sasa ilikuwa Alhamisi, mashindano Jumamosi asubuhi, na kila mshindani alijua sheria: baiskeli inayovuja oili haipangi mstari, kwa sababu oili ikidondokea breki, mtu anakufa bondeni.

Alipotoka chumbani alikandamiza usukani mara kadhaa. Bomba la kulia likaibuka limelowa, utepe wa oili ukiteremka kama jasho la mgonjwa.

Akaikokota hadi kwa fundi wa pale kona. Fundi alivaa miwani, akatazama, akavua miwani.

"Dada, haya hubadilishwa. Na kuyapata mpaka uagize, yaje Mungu akipenda. Nani kakufanyia hivi? Kapiga stilwuli? Huyo si mtu, huyo ni adui yako."

"Ni mama mkwe wangu."

Fundi akarudia pancha aliyokuwa akiiziba. "Hilo, dada," alisema bila kuinua kichwa, "mimi sina spana yake."

Jioni mume wake alipiga simu. Alikuwa dereva wa lori za safari ndefu, na sauti yake ilikuja na mngurumo wa injini. Pedeli akamsimulia yote kwa kunong'ona.

"Mama hakujua, mke wangu," mume alisema. "Alitaka kukusaidia. Vumilia tu."

Neno lile la vumilia lilimpanda kichwani kama pilipili. Kwa nini asiambiwe mwenye stilwuli avumilie uchafu? Kwa nini kila siku avumilie yeye? Akasema mtandao unasumbua, akakata. Chakula cha jioni alikipakua kimya, akakiandaa kimya, na sahani zilipofika mezani zilitoa mlio ambao sahani hazitoi zikiwekwa na mtu mwenye amani. Mama mkwe alimtazama, akavuta sahani yake. Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu waliishi nyumba kama hiyo.

Siku ya Ijumaa kiwandani walifunga mapema. Pedeli akapita dukani akanunua msasa laini kabisa, ule unaotumika na maji, na chupa ndogo ya spiriti. Alipofika nyumbani alimkuta wifi yake sebuleni, dada wa mumewe, amenyoosha miguu kwenye kochi, anapuliza kucha.

"Wifi, una rangi ya kucha isiyo na rangi? Ile nyeupe kama maji?"

"Ee! Leo Pedeli anajipamba! Au ndiyo utashinda kwa urembo?"

"Nipe, wifi."

"Jamani, baiskeli kuogeshwa tu, mtu kanuna kama kafiwa. Mimi mama angenisugulia hata viatu ningemshukuru."

"Alikusugulia akili, ikatoka yote. Nipe hiyo chupa."

Wifi alimsonya. Chupa akaitoa.

Uani, Pedeli aliigeuza baiskeli miguu juu, ili vumbi la msasa lianguke mbali na ule mpira. Akafunga kitambaa safi kuuzunguka mpira wenyewe kwa ulinzi. Akafuta mabomba kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Kisha akalowesha msasa, akauviringisha kwenye bomba, akaanza kuzungusha. Si juu na chini. Mkwaruzo wa wima ni mfereji wa oili, lakini ukisugua kwa kuzunguka, kingo zilizosimama hulala na oili haipati njia. Hakukandamiza. Kazi hiyo inataka mkono mwepesi, na Pedeli siku hiyo alikuwa na mkono wa kuvunja kuni. Mara mbili ilibidi aache, ashike ukuta, ahesabu pumzi, amwombe Mungu ampe vidole vya mtu mwingine.

Vile vikwaruzo vidogo vilipotulia, alichonga njiti ya kiberiti, akaichovya kwenye rangi ya kucha, akaanza kuujaza ule mfereji. Tone jembamba, subiri likauke, tone lingine. Hapo ndipo kigoda kilipoburutwa nyuma yake.

Mama mkwe aliketi. Alikuwa mikono mitupu, jambo la nadra.

"Nimeharibu," alisema.

"Hapana, mama. Ni kidogo tu."

"Nimeharibu au sijaharibu?"

"Itatengenezeka, mama. Usijali."

"Nakuuliza swali, unanipa asante!" Mama mkwe akapiga goti lake kofi. "Huyu binti yangu wa kuzaa akinikasirikia hubamiza mlango mpaka plasta inadondoka. Wewe unabamiza sahani kisha unaniambia usijali, mama. Miaka yote hii unaishi na mimi kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Mimi ni mgeni wako? Kama una la kunigombeza, nigombeze!"

Njiti ilivunjika mkononi mwa Pedeli.

"Umeharibu!" alisema, na sauti yake ikamshtua mwenyewe, maana hakujua kama ilikuwa kubwa hivyo. "Umeharibu, mama, na hukuniuliza! Hukuniuliza hata siku moja! Nilikuja na sufuria zangu mkazigawa. Kitanda chetu mkakihamisha nikiwa kazini. Chakula changu unakitia chumvi kabla hujaonja, mbele ya wageni! Nikasema asante, nikasema asante, asante mpaka ulimi umeota sugu! Hii baiskeli ndiyo kitu pekee humu ndani ambacho ni changu, na umeishika ukaisugua kama sufuria ya ugali, siku mbili kabla ya mashindano! Unajua nimepanda vile vilima mara ngapi? Unajua walinicheka vipi?"

Nyumba ya jirani, redio ilipunguzwa sauti.

Mama mkwe alikuwa amesimama. Machozi yalimjaa, lakini hakuwa mwanamke wa kupigwa bila kurudisha.

"Na wewe unapangusa oili kwa taulo zangu! Taulo nyeupe! Na hiyo baiskeli unailaza sebuleni na matope yake, napiga deki, unapitisha, napiga deki! Nimekusema? Nimenyamaza! Unadhani ni wewe tu unayemeza?"

"Basi ungesema!"

"Basi ungesema wewe!"

Wifi alikuwa amechungulia mlangoni na kucha zake hewani, kama kuku aliyenyeshewa.

Mama mkwe akaketi. "Ndiyo kwanza leo nasikia sauti yako," alisema. "Nimekosa, mwanangu. Kuhusu baiskeli nimekosa, na kuhusu sufuria nimekosa." Akajipangusa macho kwa upindo wa kanga. "Lakini chumvi nitaongeza. Hukolezi chakula."

Pedeli hakucheka. Hasira ilikuwa bado imemkaa kifuani, ila sasa ilikuwa na pa kupumulia. Akachonga njiti nyingine. "Shika gurudumu hili lisizunguke," alisema. "Lishike tu. Usilifute."

Mama mkwe akalishika kwa mikono miwili kama anayeshika mtoto anayedungwa sindano. Baada ya muda kidogo akainamisha mdomo akapuliza ile rangi ikauke.

"Usipulize, mama! Mate!"

"Haya, haya."

"Na usilipepee! Vumbi!"

"Haya! Loo, nimezaa askari."

Rangi ilipojaa na kukauka kabisa, Pedeli alishika wembe akaulaza juu ya bomba, akakwangua kile kilichozidi, kisha akamalizia kwa msasa uliolowa, kwa kuzunguka, mpaka ukucha ukapita juu ya ule mfereji bila kukwama. Akapangusa kila punje. Akafungua kitambaa, akaigeuza baiskeli, akakandamiza usukani. Akakandamiza tena, kwa hasira zote zilizobaki, na zilikuwa nyingi. Bomba la kulia likaibuka na unyevu mwembamba, kama kioo kilichopumuliwa. Utepe haukuteremka.

"Imepona?" mama mkwe aliuliza.

"Sijui. Kesho ndiyo itasema."

Jumamosi, mkaguzi wa mashindano alikuwa kijana mwenye karatasi laini mkononi. Mbele ya Pedeli alimtoa mwanamke mmoja kwenye mstari, na yule mwanamke akaondoka analia. Alipofika kwa Pedeli alikandamiza usukani mara nyingi kuliko alivyokandamiza wa wengine, akapitisha karatasi kwenye bomba la kushoto, akaitazama. Akapitisha kwenye la kulia, akaitazama sana. Palikuwa na alama, hafifu.

"Hili limetengenezwa," alisema. "Nani kalitengeneza?"

"Mimi. Na aliyeliharibu alishika gurudumu."

Mkaguzi alipitisha karatasi mara ya pili. Akaikunja. "Jasho si kuvuja," alisema. "Panga mstari."

Pedeli akashusha pumzi aliyokuwa ameifunga tangu Alhamisi. Akapanda, akaweka mguu kwenye pedeli, akainua macho kutafuta njia ya mlimani. Kando ya kamba ya watazamaji palikuwa na vurugu kidogo. Mtu alikuwa anapenya chini ya kamba, kanga kiunoni, anakuja mbio. Tope la gurudumu la mshindani wa pembeni lilikuwa limerukia bomba la kushoto, na mama mkwe alikuwa ameliona toka mbali. Mkononi alishika kitambaa.

"Mama!" Pedeli alipiga kelele mbele ya mkaguzi, mbele ya washindani, mbele ya mji mzima. "Rudi nyuma! Usiguse!"

Mama mkwe akasimama pale pale, akaficha kitambaa mgongoni. Kisha akawageukia watu, kichwa juu, kama mtu aliyetangazwa.

"Mnamsikia?" alisema. "Huyo ni wangu."

Firimbi ikalia.