Kanyanga ya Mama na Butoni ya Taa

Ninyi vijana mutakaosoma hii, simu wekeni chini kidogo. Miye masomo yangu yaliishia mapema, lakini nilichokiona nilikiona.

Juzi butoni ya taa ilikuwa nzito kwenye ateliye ya mujukuu wangu, fundi wa mbao. Ile ya kuzungusha, ya kupunguza na kuongeza mwanga. Nikamuona anatoka jikoni na kijiko cha mawese ya moto. Harufu ile ikanirudisha karibu na ziwa, hapa hapa Uvira, kwenye ateliye ya baba.

Baba alikuwa na jicho moja bovu, liliwahi kuchomwa na kibanzi. Mwanga mukali ukilipiga, machozi yalimtoka mpaka asione musumeno. Ndiyo maana alifunga butoni kama ile, kwenye kisanduku cha bati ukutani. Miye nilikuwa namusumbua: mwanga ukipungua, unaenda wapi? Siku moja akashika mukono wangu akauweka juu ya bati. Lilikuwa na joto kama yai lililotoka kutagwa. "Umeingia humu," akasema. Tangu hapo sikupita bila kuligusa.

Basi butoni hiyo ya baba ikakwama, taa ikabaki kali. Na kitanda cha bibi-arusi kilitakiwa Jumamosi. Kikichelewa, kazi inaenda kwa fundi mwingine. Jirani yetu, muuza mawese, akaja bila kuitwa.

"Mulango wangu ulikuwa unalia kama mbuzi," akasema. "Nikautilia mawese, ukanyamaza. Lete kijiko!"

Kwetu mawese yalitibu kikohozi, visigino na bawaba. Nani angebisha? Butoni ikazunguka laini, jirani akaondoka anatembea kama daktari.

Asubuhi, baridi ilikuwa imeshuka kutoka milima ya Bijombo, mawese yakaganda. Baba akalazimisha butoni. Kisanduku kilipopata joto mafuta yakayeyuka, yakadondoka mekundu juu ya ubao wa kitanda, na taa ikaanza kutetemeka. Baba akaketi, kiganja juu ya jicho. Niliogopa. Sikuwahi kumuona ameketi wakati wa kazi.

Alipotulia akazima umeme, akafungua kisanduku, akachungulia.

"Ya kutoa mafuta haya ni pombe kali tu," akasema chini chini. "Kanyanga."

Nyumba yetu ilikuwa ya watu wa kusali. Jina hilo lilikuwa halitajwi. Mama, muimbaji wa kwaya, alikuwa mulangoni anachambua ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Akanawa mikono, akajitanda kitenge mpaka machoni, akaenda kwa muuza kanyanga. Akarudi na kichupa.

"Umeonwa?" baba akauliza.

"Na shemasi."

"Akasema nini?"

"Atasema nini, baba watoto? Nilimukuta ndani."

Baba akasugua kwa pamba yenye kanyanga mpaka chuma kikang'aa, akaacha kikauke kabisa ndipo akarudisha umeme. Akazungusha. Mwanga ukashuka polepole, polepole, naye akafungua jicho. Kitanda kilitoka Jumamosi, na doa lake jekundu upande wa ukutani.

Ateliye ile haiko tena. Ziwa lilipanda, likala kuta, sasa ndagala wanapita pale nilipokuwa nasimama kugusa bati. Taa za leo nazigusa pia, musicheke. Hazina joto. Sijui mwanga wake unaenda wapi, na baba wa kumuuliza hayuko.

Lakini mujukuu na kijiko chake sikumuacha. Nikawaita wote wa nyumbani, nikasema: "Zimeni umeme kwanza. Mawese yarudi jikoni. Kanyanga iko chini ya kitanda changu, na chupa nimeitia alama pale ilipofikia."