Gunia la Chumvi Kutoka Mahagi

Miaka ile tuliambiwa vita vimekwisha. Askari wa amani walizunguka Bunia na magari yao meupe, shule zikafunguliwa, na sisi wanawake wa biashara tukarudi kwenye barabara ya Mahagi. Tulipeleka maharage na kahawa mpakani, tukarudi na chumvi, sabuni na mafuta ya Uganda. Kamiyo, yaani malori, zikichelewa siku chache tu, kwetu mtaani Bigo watu walikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, na mashuka ya wagonjwa yalifuliwa kwa maji matupu.

Nilisafiri na mwanamke mmoja wa Mahagi, mkubwa kwangu, niliyemwita yaya, yaani dada mkubwa. Wakati wa vita watu wake na watu wangu walikwepana. Biashara ndiyo iliyotukutanisha: yeye alijua lugha za mpakani, mimi nilijua wanunuzi wa Bunia.

Siku moja, saa sita mchana, tukirudi na chumvi kutoka Mahagi, kamiyo yetu ilikuwa inapanda mlima polepole risasi zilipopasua kioo cha mbele. Dereva akaangukia usukani. Gari likarudi nyuma, likagonga ukingo, likasimama. Wanaume wenye bunduki wakatoka majanini.

"Shukeni! Mulale chini wote!"

Nililala kifudifudi. Damu ya dereva ilidondoka kutoka mlangoni, ikaingia kwenye vumbi karibu na shavu langu. Yaya alichelewa kuachia mzigo wake. Walimpiga kwa kitako cha bunduki, na nikasikia mfupa wa mkono ukivunjika. Walibeba kila kitu, hata viatu vyetu.

Juma lililofuata nilikuwa sokoni Bunia, sina cha kuuza. Chumvi ilikuwa imeadimika na watu walikuwa na hasira. Hapo nikaona gunia la chumvi limesimama mbele ya mwanaume mmoja wa makamo. Mdomo wa gunia ulishonwa kwa uzi wa bluu, mishono mikubwa ya msalaba. Ilikuwa mishono yangu.

"Ile gunia ni yangu!" nilipaza sauti. "Nilishona kwa mukono yangu!"

Mtu nyuma yangu akasema, "Basi ni huyu aliua dereva."

Jiwe la kwanza lilimpata begani. Kisha wakaja na miti, na michi ya kutwangia.

"Nilinunua soko ya Komanda!" alilia, mikono juu ya kichwa. "Sijue kitu miye!"

Nitasema ukweli: pigo la kwanza lilinifurahisha. La pili pia. Lakini mchi ulipompiga usoni na jicho likafumba kwa damu, nilimtazama vizuri, nikajua hakuwa mmoja wa wale wa mlimani. Nikapiga kelele wamwache. Hakuna aliyenisikia. Nilikuwa nimeshasema neno nisilopaswa kusema.

Yaya ndiye aliyepenya, mkono wake umefungwa kitambaa shingoni. Alijilaza juu ya yule mtu. Jiwe likampiga mgongoni.

"Munipige miye basi!" alisema. "Dereva alikuwa mutoto wa shangazi yangu. Ni nani hapa anamulilia kunipita?"

Michi ikashuka, mmoja mmoja.

Tulimpakia yule mwanaume kwenye taksi-moto, pikipiki ya abiria, kumpeleka hospitali, mimi nyuma nikimshika kiunoni, damu yake ikilowesha kitenge changu. Njiani aliuliza mara moja tu, "Mama, nilikukosea nini?"

Hakufa, ila lile jicho halikuona tena. Nilipoenda kwao kuomba msamaha, mke wake alinitazama, akaingia ndani, akafunga mlango. Sikumlaumu, wala sikurudi tena.

Mwezi haukuisha, yaya akaja nyumbani.

"Kamiyo inapanda kesho. Unaenda?"

"Naogopa, yaya."

"Na miye naogopa. Lakini weye unawaza chumvi itajileta yenyewe?"

Asubuhi tulipanda juu ya magunia ya maharage, abiria kumi na wawili, tukapita tena mlima ule mpaka mpakani.